Kufyeka Makaburi ya Akina Stidham

Jumatatu, 19 Mei
Jumapili ukoo wote wa Stidham unapanda kilimani kupamba makaburi yao kwa maua. Watachagua msimamizi wa makaburi. Nani kama mimi? Mke wangu Delphie amelala kule! Lakini kaka yake, Verlin, ananicheka. Ati shemeji, wewe umeoa tu hapa Kentucky, makaburi ni ya wenye damu. Miaka yote nimekula maharage yao! Magugu yamefika kiunoni. Verlin ana fyekeo la mkono. Maskini. Mimi nina mashine ya magurudumu, inakata kwa uzi wa plastiki. Nitafyeka peke yangu, wanyamaze.

Jumatano, 21 Mei
Mashine inanguruma kama dubu. Miba chali! Ila pembeni, chini ya mierezi, uzi unakatika ovyo. Mawe! Yamesimama wima majanini, hayana hata herufi. Kusoma kwangu ni kwa tabu, lakini jina nikiliona nalijua. Nimeyang'oa yote, nimeyarundika kwenye uzio. Sasa mashine inateleza tu. Delphie angejivuna.

Ijumaa, 23 Mei
Shangazi Oma, mkubwa wa ukoo, kapanda na maua yake ya karatasi. Akauliza watoto wako wapi. Nikamwambia shangazi, sijaona mtoto hapa. Akakaa chini. Akasema zamani nani alikuwa na hela ya kuchongesha? Mtoto akifa, baba alibeba jiwe la kijitoni akalisimamisha. Wawili ni wake mwenyewe, akasema. Akaniuliza polepole, la mwanangu Garnet ni lipi? Nikamwonyesha rundo. Verlin naye alikuwepo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 25 Mei
Wamemchagua Verlin! Nisiguse tena jani hata la kaburi la Delphie, kasema, mbele ya watu wote. Kuku wa kukaanga wamezungushwa, mimi nimerukwa. Wivu! Jana nimeyasimamisha mawe yote, mgongo unaniua, na asante sijasikia. Nimeyapanga safu moja, imenyooka kama reli. Shangazi Oma kapita safu nzima, kaenda karudi, kisha kashuka na maua yake mkononi. Mzee yule haridhiki na kitu. Kati ya jiwe na jiwe nimeacha upana wa mashine. Mwakani nitawahi kufyeka kabla Verlin hajaamka. Uzi hautakatika hata mara moja.