Bendera ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Siku yangu imefika. Mkutubi ameweka kabati la kioo mlangoni mwa maktaba, na anataka merikebu moja ya mfano ikae humo mwaka mzima. Moja tu. Baharia mstaafu atachagua Jumamosi. Miaka kumi na moja nimeunda merikebu kwenye meza yetu ya chakula kila nikitoka kupanga mafaili masjala. Mtaa mzima hakuna mwingine anayejua tanga linafungwaje. Nikawa nimeshaanza kupokea pongezi moyoni. Ndipo mama watoto akaniambia kwamba mdogo wake, fundi saa, naye anapeleka yake.

Shemeji! Ameanza juzijuzi tu, tena kwa vijiti vya meno nilivyompa mimi. Sina wivu. Naandika tu ili ijulikane vijiti vilikuwa vya nani.

Jumanne, 5 Machi
Lazima niione hiyo merikebu. Nisionekane mpelelezi, nimeidondoshea gundi saa yangu, nzima kabisa, nikaipeleka dukani kwake nikilalamika kuwa imesimama. Shemeji akaipokea, akanikaribisha kiti. Merikebu ilikuwa pale kwenye meza ya pembeni.

Roho imeniuma. Naweza kusema ukweli hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Ngazi za kamba zina vifundo vidogo kuliko chawa. Mapipa yana pete za shaba. Mlango wa chumba cha nahodha unafunguka, na ndani mna kiti. Nani ataona kiti?

Nikaanza kutafuta kasoro, kuanzia chini kwenda juu. Nikaipata juu kabisa. Matanga yamejaa, merikebu inakwenda mbele, lakini bendera kileleni mwa mlingoti nayo inapepea kuelekea mbele! Mtu yeyote anajua kwamba chombo kikikimbia, bendera yake hubaki nyuma. Nikauma ulimi. Nikamsifu sana, nikamwambia asiguse tena kitu hata kimoja.

Jumatano, 6 Machi
Mtu makini huhakikisha. Nimepanda pikipiki ya kukodi hadi sokoni na kurudi, leso nimeiinua juu. Imepepea kuelekea nyuma safari nzima. Dereva aliniuliza mara mbili nampungia nani.

Basi bendera yangu nimeielekeza nyuma na kuipaka gundi. Imekauka kama bati. Mama watoto alipita na sahani, nikamwomba aitazame. Akasema ni nzuri, akauliza itaondoka mezani lini. Kisha akaanza kunisimulia ya mdogo wake. Kumbe juzi yeye mwenyewe alichuchumaa mbele ya merikebu ile mpaka miguu ikafa ganzi, akifungua na kufunga kile kimlango. Kiti amekiona. Miaka kumi na moja anapita mbele ya merikebu zangu na hajawahi kuchuchumaa. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kabati.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji amekuja kurudisha saa. Gundi yote ameitoa, wala hakuuliza iliingiaje, jambo ambalo mimi nimelichukulia kuwa dharau. Akaitazama merikebu yangu kwa muda, akakohoa. Akasema, samahani shemeji, ile bendera. Nikamkata kauli, nikamwambia kila mtu ashughulike na yake. Kwenye chai akajaribu tena, nikaongeza sauti ya redio. Wivu ni kitu kibaya. Ameona yangu imekaa sawasawa, anataka niivuruge dakika za mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Afadhali niandike haraka, nimalize.

Maktaba ilijaa. Baharia alipofika kwenye ya shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikaona nikichelewa nimekwisha. Nikasimama, nikasema kwa masikitiko kwamba inaniuma kumsema shemeji yangu mbele za watu, ila bendera yake iko nyuma mbele. Nikaeleza habari ya pikipiki. Leso nayo nikaitoa.

Baharia alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza upepo unaojaza matanga yangu unatoka upande gani. Nikamjibu unatoka nyuma, ndio unaoisukuma. Akauliza kama bendera yangu ina upepo wake peke yake. Mkutubi akaleta feni, akaiwasha nyuma ya merikebu yangu, akaishikilia leso juu ya mlingoti. Leso ikaenda mbele. Watu wakaangua kicheko. Baharia akafafanua, kwa upole uliozidi, kwamba pikipiki inakimbia kwa injini, lakini merikebu inasukumwa na upepo uleule unaopeperusha bendera.

Kabati amepewa shemeji. Akaninong'oneza kwamba hilo ndilo alilotaka kuniambia jana. Mama watoto mwenyewe aliibeba merikebu yangu hadi nyumbani, kwa mikono miwili. Imerudi mezani.

Jumapili, 24 Machi
Mimi si mtu wa kinyongo. Bendera nimeing'oa, nimeigeuza. Nimefundishwa mbele za watu na somo limeniingia: chombo kikiwa majini, kila kinachopepea huelekea mbele.

Leo tumekwenda kwa shemeji. Anaunda nyingine kwa ajili ya kabati la pili la mkutubi. Safari hii ni meli ya injini, haina tanga hata moja, ina bomba refu lenye moshi wa pamba. Na moshi ameuelekeza wapi? Nyuma! Baada ya feni yote ile! Mama watoto alikuwa amechuchumaa tena, anahesabu madirisha, hakuona lolote.

Nimemsifu shemeji, nikamwambia asiguse tena hata pamba moja. Baharia anakuja kuchagua Jumamosi. Leso yangu nimeshaifua na kuipiga pasi.