Maiti ya Kiyoyozi

Fundi alifungua kifuniko cha kiyoyozi, akaona chujio limejaa vumbi zito kama blanketi, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kwake ugonjwa ulikuwa huo tu. Chujio lioshwe kwa maji na sabuni, likauke, lirudishwe, upepo urudi. Lakini huyu bwana alijiita Daktari wa Baridi, na daktari gani mjanja anayetaka mgonjwa apone kwa sabuni?

Akarudisha kifuniko taratibu, akabandika sikio kwenye mashine, akafumba macho.

"Pole sana, mama. Imekufa."

"Jamani!" Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa, akajishika kifua. "Si inapuliza, mwanangu? Kidogo, lakini inapuliza."

"Ndiyo inakata roho hiyo. Kompresa, ile inayoleta baridi, imekwisha. Ukiendelea kuiwasha, itaungua pamoja na haya mapazia yako mazuri."

Kwake huo ulikuwa uongo mtupu, tena wa ufasaha. Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa ya kisasa, nyeupe pe, na Daktari alikuwa anaihitaji. Mkewe alikuwa amekimbilia kwao, kachoka kulishwa ahadi. Mchana huo mama mkwe alikuwa anamrudisha, aje ajionee kwa macho yake kama nyumba ile ina mume au ina mdomo tu. Kiyoyozi cha namna hii sebuleni kingemfunga mkwe kauli.

"Niachie mimi hii maiti," akasema kwa huruma. "Nitaitoa bure kabisa."

"Na mimi nife kwa joto? Thubutu! Lete kwanza kingine kinachotoa baridi. Hata kikuukuu."

Daktari akakuna kichwa. Kikuukuu alikuwa nacho kimoja tu duniani: chake mwenyewe, cha chumbani, sura mbaya lakini baridi yake inatia meno ganzi. Akafikiri kidogo, akaona kutoa kizee na kuchukua kijana si wizi, ni maendeleo. Akakimbia kukileta, akakifunga, akabeba "maiti" pamoja na kisanduku chake cha nje, huku mama akimwombea dua ndefu.

Nyumbani akaosha chujio, akafunga mashine, akawasha. Upepo ukatoka kwa kishindo, mapazia yakapepea. Daktari akacheka peke yake kama mwehu.

Mkwe akaingia, akakaa chini ya kiyoyozi. Mke alibaki mlangoni na begi mkononi. Akapewa maji yeye mkwe, akanywa funda moja, akapangusa shingo.

"Mwanangu, hiki ni kiyoyozi au jiko?"

"Kinapasha kwanza, mama. Ni cha kisasa."

"Haya. Nikimaliza hii glasi bado natoka jasho, naondoka na binti yangu."

Daktari akatoka mbio uani, akafungua kile kisanduku cha nje. Feni ilikuwa inazunguka kwa mbwembwe, lakini kompresa ilikuwa imeungua, nyeusi tii, imekufa zamani. Akatimua mbio kurudi kwa mwenye duka la vitambaa.

Alifika kwa yule mama akihema. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi, khanga mabegani kwa baridi.

"Mama, ile mashine imekufa!"

"Si uliniambia mwenyewe? Mimi nikakuamini. Kumbe wewe hujiamini?"

"Lakini lile vumbi..."

"La chini ya zulia. Nililipaka kwenye chujio kwa mkono wangu. Baba, nilileta mafundi wawili waaminifu, wote wakafungua mpaka ndani, wakasema kompresa imekufa, nitupe. Nikajiuliza, nani atanipa kizima kwa hiki kifu? Ni fundi mwongo tu. Huyo akiona chujio chafu, haangalii kingine. Nikauliza mtaani, nani mwongo kuliko wote? Wakanielekeza kwako bila hata kufikiri."

Daktari akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa anaigiza.

"Nirudishie changu, mama yangu. Mke wangu ataondoka."

Simu ikalia mfukoni. Akaipokea, akasikia sauti ya mkewe: "Mama amemaliza maji." Ikakatika.

Mama akavuta khanga vizuri mabegani.

"Pole, mwanangu. Ukitoka funga mlango, baridi isipotee."