Mkaguzi Mkuu wa Mafundisho ya Makanisa

Ijulikane kwa wakazi wote wa Kisiwa cha Mombasa, wanaosali kwa ngoma na wanaosali kwa kunong'ona, waliobatizwa kwa maji mengi na waliobatizwa kwa maji machache, ya kwamba leo imefunguliwa rasmi Ofisi Kuu ya Ukaguzi wa Mafundisho ya Makanisa, Afrika Mashariki na Kati.

Tangazo hilo liliandikwa nyuma ya boksi la biskuti. Neno "Kati" lilikosa nafasi, likapinda likapanda ukingoni kama mjusi. Boksi lilitundikwa kwa kamba ya kiatu juu ya mlango wa duka la vinyago huko Ndia Kuu, Mji wa Kale, na ndani yake Afrika Mashariki yote iliwakilishwa na meza moja, viti viwili na mizani ya shaba ya kupimia dhahabu.

Mkaguzi Mkuu mwenyewe aliitwa Ronny. Suti nyeusi, miwani ya heshima, na ndevu zilizonyooka kama zimepigwa rula. Mtu huyu angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, nawe ukamshukuru kwa kukupunguzia bei.

Fursa aliiona Jumatatu, sokoni Marikiti, alipokuwa akibishania bei ya ndizi moja. Kibanda cha pili alikaa Mejumaa, muuza vitunguu, naye alikuwa akimlalamikia kila mteja aliyesimama. Aliokoka Pasaka, na tangu siku hiyo hakuwa na raha.

"Nabii Zilpah aniambia nisipobatizwa kwake, maji mengine yote ni kuoga tu," alisema. "Askofu Thoya naye aniambia nikibatizwa kwa Zilpah nimeloa bure. Na wote wawili wabatiza Jumapili hii. Sasa mimi nitajuaje nani asema kweli?"

"Chukua kanisa lililo karibu na nyumbani," mteja alimshauri.

"Hata vitunguu sinunui hivyo."

Mejumaa hakuwa akifanya mzaha. Aliogopa jambo moja tu duniani: kumpa Mungu moyo wake wote kupitia mkono wa mtu mwongo. Watu wengine wangemwonea huruma. Ronny aliacha ndizi, akajifuta mikono, akahisi ndani yake wito wa taaluma.

Alimwendea Sharifu Idarus, mwenye duka la vinyago, ambaye ukoo wake umekaa Ndia Kuu miaka mingi kuliko lami.

"Salaam, Sharifu."

"Salaam. Hujambo, mwanangu? Nyumbani hawajambo? Mama yako?"

"Hawajambo wote. Naomba chumba cha mbele."

"Cha kufanyia nni?"

"Kupima mafundisho ya makanisa."

"Na mimi Mwislamu nahusika vipi na makanisa?"

"Huhusiki hata kidogo, Sharifu. Ndiyo maana hapa ndipo mahali pa haki."

Idarus alilifikiria jambo hilo, akaona lina mantiki ya aina fulani. Kisha akamtazama Ronny usoni. "Hizi ndevu zimeota lini? Jana hukuwa nazo."

"Ni neema, Sharifu."

"Haya. Chukua na ile mizani, lakini usiivunje. Ni ya marehemu babu yangu."

"Ya zamani sana?"

"Niliinunua mwezi jana. Lakini watalii huwaambia ni ya babu, na mimi mwenyewe nimeshazoea."

Ofisi ilifunguliwa Jumatano, na mteja wa kwanza alikuwa Mejumaa, akisukumiwa gunia la vitunguu kuwa ada ya ukaguzi. Ronny alimweleza utaratibu kwa sauti ya hakimu. Kila kanisa litaandika mafundisho yake kwenye karatasi. Karatasi itawekwa kwenye mizani. Fundisho lenye uzito zaidi ndilo la kweli.

"Na mimi nisisome?" Mejumaa aliuliza.

"Mama, ukisoma mwenyewe unaweza kuelewa, na hapo ndipo watu huharibikiwa. Hii ni kazi ya wataalamu."

"Haya," alisema Mejumaa, kwa sauti ile ambayo wauza vitunguu huwajibu watu waliotaja bei ya kuchekesha.

Habari zilifika makanisani kabla ya adhuhuri. Nabii Zilpah aliongoza Kanisa la Maji Mengi, lililokuwa ghorofa ya tatu, mahali ambapo mfereji hutoa maji Jumatano peke yake. Askofu Thoya aliongoza Kanisa la Mlango Mwembamba, ndani ya ghala la Mbaraki lenye mlango wa kupitisha lori. Kila mmoja alileta karatasi moja, na mizani ya babu wa mwezi jana ikasimama sawasawa.

Ronny alimvuta Askofu pembeni. "Baba Askofu, mafundisho yako ni ya kweli kabisa. Tatizo ni mepesi."

"Mepesi kivipi?"

"Kwa gramu."

Kisha akamvuta Nabii pembeni nyingine na kumwambia maneno yale yale, kwa sauti ya huruma zaidi kwa sababu alikuwa mama wa watu. Aliongeza kwamba ofisi ina joto, na kwamba haina muziki. Jioni ile Askofu alileta feni iliyofungwa vizuri kwenye boksi lake, na Nabii akaleta kinanda kilichofunikwa kitambaa cha zambarau. Ronny alivipokea kwa unyenyekevu wa mtu anayechukua mzigo wa wengine.

Alhamisi yalikuja mafundisho mazito. Askofu aliandika yake kwenye karatasi ngumu ya manila, akaongeza vifungu vya imani kumi na viwili ili kujaza nafasi, kimojawapo kikikataza kutafuna muwa siku ya ibada. Nabii alifunika yake kwa plastiki pande zote mbili. Alikuwa amekataza kuvaa malapa kanisani, lakini Ronny alipomwambia bado pana nafasi chini, akayaruhusu tena katika kifungu kipya chenye mistari sita.

Katikati ya shughuli hizo aliingia mzee mmoja mwenye spana mfukoni. Aliitwa Karisa, fundi wa mabomba, na alichunga kanisa la watu kama thelathini hivi.

"Nimesikia kuna mama anatafuta," alisema. "Mimi sina karatasi."

"Basi utapimwa vipi?"

"Aje leo jioni, tunasoma Maandiko pamoja. Aulize analotaka. Akiona nimesema lisilomo, anisimamishe. Waumini wangu hunisimamisha. Mwezi jana Mama Auma alinisimamisha mara mbili katika hubiri moja."

"Ukafanya nini?"

"Mara ya kwanza nilijitetea. Mara ya pili nikaona amesema kweli, nikakaa."

Ronny aliandika kwenye daftari lake: *Sufuri. Hana uzito.* Hakumwona Mejumaa, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alikuja kuuliza kama kuna karatasi kuukuu za kufungia vitunguu, maana sokoni zimekuwa adimu. Ronny alimkabidhi furushi zima la mafundisho ya Jumatano na ya Alhamisi, akafurahi kupata nafasi mezani.

Ijumaa mchana ofisi ilifungwa, kwa kuwa mwenye nyumba alikwenda msikitini, na Ukristo wa Afrika Mashariki ukasubiri barazani mpaka aliporudi. Alasiri hiyo Askofu Thoya alileta ubao wa mvule. Alikuwa amewapa wachonga milango wa Mji wa Kale mafundisho yake yote, nao wakayachonga pamoja na maua pembeni na misumari ya shaba. Nabii Zilpah aliuona, akaondoka bila kuaga. Jumamosi asubuhi alirudi na jiwe la marumaru juu ya mkokoteni. Mchonga mawe, kwa mazoea ya kazi yake, alikuwa amemalizia chini kwa maneno "Pumzika kwa Amani".

Mizani ya babu haikuweza kubeba ugomvi huo. Mahamali wa Marikiti walileta mizani ya magunia, wakaitundika kwenye boriti ya mlango, na umati ukajaa Ndia Kuu mpaka mwenye baiskeli akashuka akaibeba kichwani. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Ubao ulipanda upande mmoja, jiwe upande wa pili.

"Ngojeni," alisema Mejumaa. Alikuwa ameshika furushi la karatasi zenye maganda ya vitunguu. "Kabla hamjapima, nataka kusoma."

"Mama, wataalamu—" alianza Ronny.

"Nyamaza kidogo, Bwana Mkaguzi." Akaweka kidole kwenye mstari. "Askofu, Jumatano uliandika kwamba muumini asinywe kahawa. Alhamisi kahawa yaruhusiwa, chai ndiyo dhambi. Kwenye ubao huu, kahawa halali, chai halali, haramu ni maji ya Zilpah. Nimetafuta siku mbili kwenye Maandiko. Yako wapi haya?"

Umati ulicheka. Nabii Zilpah alicheka kuliko wote, mpaka kidole kilipohamia kwenye karatasi yake ya plastiki.

"Nawe Nabii, malapa yamekosa nini hapa juu, na yametubu lini huku chini?"

"Dada, wewe bado mchanga," alisema Askofu Thoya. "Wachanga hawaulizi, hulishwa."

"Na kuuliza ni roho ya uasi," alisema Nabii Zilpah. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile viongozi hao wawili kukubaliana.

"Basi watu wa Beroya walikuwa waasi," alisema Mejumaa. "Nimesoma habari zao juzi usiku. Walihubiriwa na mtume mwenyewe. Wakamsikiliza kwa moyo, kisha kila siku wakaenda kutazama kama asemayo ndiyo yaliyoandikwa. Wakasifiwa kwa hilo. Mtume amekaguliwa na hakununa. Nyinyi mmemzidi nini?"

Hamali mmoja alijikuna. Mejumaa akamgeukia Mkaguzi Mkuu.

"Nawe uliniambia nikisoma nitaharibikiwa. Fundisho hilo ni la gramu ngapi?"

Ronny alifungua kinywa atoe jibu refu, kwa kuwa majibu marefu hayajawahi kumpungukia. Lakini jua lilikuwa limemkaa usoni nusu saa nzima, na jambo la kusikitisha likaanza kutokea upande wa kushoto.

"Ndevu za bwana zashuka," alisema hamali.

Zilishuka kweli. Zilifika kwenye kola, zikapumzika, zikaendelea mpaka kwenye tai.

"Sharifu," Thoya aliuliza kwa hofu, "ni nini kile?"

"Neema," alijibu Idarus. "Inateremka."

"Ni wanja," alisema Mejumaa, akimsogelea. Alitoa ncha ya leso, akamfuta shavu moja kama mtu anayefuta sahani. Uso uliobaki ulikuwa na chunusi tatu. "Wewe si Ronny wa Winnie, fundi cherehani wa Mbaraki? Yule wa shule ya bweni, kidato cha tatu, aliyekuja likizo?"

Hapo ndipo Mkaguzi Mkuu alipoonyesha ukuu wake. Alikwapua feni kwa mkono wa kulia na kinanda kwa mkono wa kushoto, akaliweka gunia la vitunguu kichwani, akaliruka jiwe la marumaru kama swala, akapita juu ya mabega ya mahamali na kutokomea mitaani. Mpaka leo hajulikani alipo, ingawa wanaojua mambo wanasema anaishi Nyali katika jumba lenye bwawa, na feni inampepea mchana kutwa.

Mejumaa amesoma habari hii mpaka hapo, kidole kwenye mstari, akaniuliza, "Nyali ipi?"

Basi. Ronny ni mimi. Sikuruka jiwe. Nilijikwaa juu ya jiwe, nikaanguka penye "Pumzika kwa Amani", na aliyeninyanyua, kwa sikio, alikuwa mama. Feni ilipofunguliwa haikuwa na mota. Kinanda kilikuwa na meno yote ya juu, lakini ndani yake hamkuwa na kitu ila kiota cha panya. Nilikuwa nimewatapeli watu wawili ambao walishanitapeli tangu Jumatano, nami nimelilia taaluma yangu kwa dhati.

Mejumaa hakubatizwa Jumapili ile. Alimwendea Mzee Karisa akamwambia bado ana maswali. Mzee akamjibu kwamba maji hayaozi. Wakasoma wiki saba, akamsimamisha mara tatu, na wiki ya nane akabatizwa baharini Mbaraki. Alitoka majini akicheka, na nakiri nilifurahi, ingawa nilikuwa nimerudi kwa likizo ya katikati ya muhula na nimesimama pale kwa amri ya mama nikiwa nimeshika taulo za watu.

Adhabu yangu ni kuandika mambo yote kama yalivyokuwa, na Mejumaa anakagua kila ukurasa. Nilijaribu kujipendekeza kidogo. Nilimwambia kwamba mimi pia ni mtu wa imani, na kwamba shuleni nahudhuria ibada kila Jumapili bila kukosa, kiti cha nyuma, nikisikiliza kwa makini.

"Vizuri," alisema. "Hubiri la mwisho lilihusu nini?"

Hubiri lote nilikuwa nimelala. Amesema niandike na hilo.