Kibao cha Barometa ya Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba 1958
Shangazi Drusilla kaenda Aberystwyth kupunga upepo wa bahari. Kaniachia paka. Binamu yangu Crispin kaachiwa maua. Lakini wote wawili tunaitolea macho barometa ya ukumbini, chombo cha kupimia hali ya hewa: ndefu, nyembamba, mbao za mkangazi, bomba la zebaki katikati, umri miaka mia na hamsini. Shangazi atairithisha kwa anayejali vitu vya wazee. Kibao chake cha vipimo kimefifia. Nina dawa ya kung'arishia shaba. Crispin na amwagilie.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesugua saa nzima. Balaa. Kibao kilipakwa fedha, utando mwembamba kama wa maziwa, na nimeutoa wote. Sasa ni manjano kama kiini cha yai. Crispin kapita na ndoo, kaniuliza kama barometa imeshikwa na homa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeipeleka kwa fundi, Bi. Pargeter, ng'ambo ya mto. Ndani ya basi niliilaza magotini. Aliposikia hayo, Bi. Pargeter alipauka. Akasema hukazwa kwanza skrubu ya chini mpaka zebaki ijae juu, ndipo huinamishwa, tena polepole. Akaisimamisha, akakagua bomba. Lilikuwa zima! Hata tone halikumwagika. Nikaketi bila kukaribishwa.

Herufi nazo zimepona. Zilichongwa kwa mkono, kwa kina, zikajazwa nta nyeusi. "Fundi wa zamani alijua watakuja watu kama wewe, mwanangu," alisema, huku akisugua kibao kwa chumvi na unga wa fedha. Weupe ukarudi taratibu chini ya kidole gumba chake.

Jumamosi, 11 Oktoba
Barometa ukutani saa nne. Shangazi mlangoni saa tano. Akauliza nani kaing'arisha. Nikasema mimi.

"Wilfred," akasema, "Pargeter aliitambua, akanipigia simu Jumatano ileile."

Nikangoja kufukuzwa. Akacheka hadi akavua miwani afute machozi. Barometa haina mrithi bado, si Crispin wala si mimi, ila ningali mpwa wake. Sharti moja: nisiguse tena kitu chake. Nimeapa. Mzigo umeshuka mabegani.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Shangazi yuko kanisani, nami namngoja kwake. Saa yake ya mezani inachelewa dakika mbili. Nimeifungua kutazama tu. Nilitoa skrubu nne. Nimerudisha nne. Hapa mezani imebaki moja.

Ibada huisha saa sita. Muda upo.