Pingamizi la Mashine ya Bwanausi

Mimi Mwinshehe nauza kahawa, na wateja wangu hawa wananipandisha presha. Kikombe kimoja wanakinywa kwa kesi tatu. Jana asubuhi Alawi, tunayemwita Redio maana taarifa ya habari haimpiti, alianza hata salamu hazijaisha.

"Mmesikia? Huko Marekani mtu akitaka kujenga mtambo wa umeme wa atomiki, lazima aombe leseni. Na jirani yeyote akipinga, anasikilizwa!"

"Yeyote?" akauliza Kitwana, sindano ikasimama. Huyu ni mshona kofia, tunamwita Pingamizi.

"Yeyote. Anahoji, analeta wataalamu, kikao kinaahirishwa. Mtambo mmoja umesikilizwa miaka saba! Sasa wakubwa wamechoka, wanataka utaratibu ubadilishwe. Jirani aseme mara moja, basi."

"Dhuluma hiyo!"

"Dhuluma gani, yakhe? Mtoto azaliwe, aingie darasa la kwanza, nyinyi bado mnaulizana maswali?"

"Ndiyo! Ule mdude ukilipuka je? Acha waulizane hata miaka sabini."

Bwanausi akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Yeye ndiye aliyeomba leseni ya mashine ya kusaga nafaka, ubavuni mwa nyumba ya Kitwana. Miezi minane sasa leseni haitoki. Vikao vinne vimekaliwa, na kila kimoja Kitwana alikivunja kwa kusema bado ana swali moja la mwisho.

"Pingamizi, mashine yangu italipua nini? Dona?"

"Itatikisa! Ukuta ukitetemeka, sindano inaingia kidoleni. Nikiacha kushona, wanangu wale nini?"

"Wale unga!"

Tukaangua kicheko.

"Na vumbi je?" Kitwana akapandisha sauti.

"Kofia nyeupe, unga mweupe," akasema Alawi, "nani atajua?"

"Mwenye kofia atajua, siku akinyeshewa na mvua unga ukageuka uji kichwani!"

"Mkeo Mwaija anatwanga mpaka viganja vimeota sugu," nikaingilia mimi. "Yeye umemsikiliza?"

Kitwana akanitupia jicho baya. Alijua nasema kweli. Na mimi nilijua kwamba vidole vyake ndivyo vinavyoilisha nyumba ile, basi nikajuta kidogo.

Mara Majaliwa, karani wa leseni, akateremka kwenye baiskeli, jalada kwapani.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Kikao cha tano ni leo, ila ufunguo wa ofisi haujulikani uliko. Wahusika si mko hapa? Tusikilizane hapa hapa."

"Mnaona?" akadakia Alawi. "Marekani wanataka kubadilisha utaratibu, sisi tumeshabadilisha!"

Kitwana akasimama. Lo, siku hiyo alisema! Akaeleza mtikisiko, kelele, vumbi, akatuonyesha kidole chenye makovu ya sindano. Hata Bwanausi mwenyewe akawa anaitikia kwa kichwa. Majaliwa akajaza ukurasa mzima. Nikaona huyu leo anashinda, na wallahi nilimfurahia.

"Bwanausi, majibu yako?"

Bwanausi akainuka taratibu, akaweka sawa kofia yake, ambayo Kitwana ndiye aliyemshonea.

"Mimi sina maneno mengi. Sisi ni majirani. Tumwombe Mungu atutilie kheri katika mashine yetu, atuepushe na shari. Al-Fatiha!"

Mikono yote ikainuka. Nani anaitiwa Fatiha akabaki amekunja mikono? Tukasoma, na "Amin" ya Kitwana ndiyo iliyovuma kuliko zote, kisha akajipangusa uso.

Majaliwa akafunga jalada. Kwetu hapa shauri likishasomewa Fatiha limekwisha, iwe posa, iwe ugomvi wa mpaka.

"Imepita," akasema, "kwa ridhaa ya wote."

"Nani karidhia?" Kitwana akaruka. "Mimi nimeitikia dua tu!"

"Dua ya nini?"

Kitwana akaanza kuitafuta sindano yake.

"Ya mashine yetu," Bwanausi akamsaidia, kwa upole kabisa.

"Nakata rufaa!"

"Haki yako, mzee wangu. Rufaa zinasikilizwa Jumatatu," akasema Majaliwa.

"Na hicho kikao cha rufaa kinafungwaje?"

"Kwa dua, kama vikao vyote."

Kitwana akaitazama mikono yake kama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni, kisha akaikalia.