Figo Zangu Zinang'aa

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimelazwa ndani ya sumaku ya kupigia picha za mwili. Kubwa, nyeupe, inagonga kama fundi bati. Hospitali inapima chumvi iliyomo kwenye figo za watu wenye afya, nami nimejitolea kwa kuwa kinyozi asiye na wateja wengi hana la kufanya. Ubavuni wameniwekea chupa za maji ya chumvi, eti za kulinganishia chumvi yangu. Halafu sauti ya Mtaalamu, mwanamke anayeiendesha mashine, masikioni: vuta pumzi, shikilia, pumua. Hakuna mwanamke aliyewahi kujali kama napumua! Baadaye akanionyesha picha. Penye chumvi ndipo panapong'aa, akasema, na figo zangu zinaonekana vizuri sana. Nimerudi kwa miguu, nikiwachekea watu nisiowajua.

Jumanne, 4 Juni
Nimemkata mteja sikio. Kidogo tu. Nilikuwa namsikia Mtaalamu kichwani. Dada, ambaye naishi kwake, anasema hakuna mtu anayependwa kwa sababu ya figo. Yeye ana mume, upweke ataujulia wapi? Picha ya pili ni keshokutwa. Masharti: nisizidishe chumvi, na asubuhi nisinywe maji. Tarishi wa mtaani, ambaye naye amejitolea, anajitapa kwamba Mtaalamu alimsifu kwa kushikilia pumzi. Tutaona!

Jumatano, 5 Juni
Kama penye chumvi ndipo panapong'aa, basi mimi nitawaka! Nimelamba chumvi kwa kijiko, mchana na jioni. Dada kakuta kopo tupu, akauliza tumeanza lini kufuga ng'ombe. Kiu inaniua. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeng'aa! Mtaalamu kaitazama picha, kamwita mkuu wake. Wakanitazama wote wawili. Wakaomba na mkojo, nikawapa kwa moyo mkunjufu. Tarishi hakuombwa kitu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeitwa! Nikavaa shati la harusi ya dada. Kumbe Mtaalamu amehangaika na zile chupa usiku kucha, akidhani mashine imeharibika, mpaka mkojo wangu ulipomsimulia yote. Macho yake mekundu. Akaniuliza, bila kufoka, nilikuwa nataka nini. Nilitaka kumwambia: niambie tena nipumue. Nikasema nilikuwa na njaa. Amenitoa kwenye utafiti. Zamu zangu zilizobaki kapewa Tarishi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejilaza kitandani nikajiambia mwenyewe: vuta pumzi, shikilia, pumua. Wapi! Namtamani mtu ambaye hata jina langu hulisoma kwenye faili. Inauma kweli. Dada kaniletea chai, kakaa nami mpaka ikapoa.

Jumatatu, 10 Juni
Tangazo jipya kwenye lango la hospitali! Mashine ile ile, Mtaalamu yule yule. Safari hii wanapima mafuta kwenye ini, na wanataka watu wenye afya tu. Nimejiandikisha wa kwanza. Nimemwomba dada kuanzia leo akaange kila kitu, hata mchicha.