Sufuria la Bi Kazija na Mbwa Asiyeitika

Jumanne, 9 Septemba

Hili sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Nasima ambaye siri zake tatu ninazo. Leo mbwa kalamba sufuria la Bi Kazija. Wala si bahati mbaya. Nilimwekea mwenyewe.

Mbwa si wetu. Ni buldogi wa Mhandisi Bryson wa Raskazone, ambaye Mjomba Mudathir anamlindia nyumba. Mhandisi kasafiri, mbwa kaachiwa Mjomba. Mjomba kaitwa harusini Pemba, mbwa kaachiwa sisi. Jina lake Bosi. Ana uso wa mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

Baba alikubali shingo upande. Bosi afungwe uani, kwenye mlimau. Na siku mate yake yakigusa chombo cha nyumba hii, anatoka siku hiyo hiyo, Raskazone kuwe na mtu au kusiwe. Mjomba akanivuta pembeni, akasema mbwa akipotea na kazi yake imepotea. Kisha akanikabidhi mnyororo. Mimi! Mimi ninayempisha njia kuku mwenye vifaranga.

Kosa lilianza na kaka yangu Hilal. Alisema mimi na Bosi ni ndugu, tukiitwa hatuitiki. Kweli, darasani jibu ninalo, mdomo ndio sina. Nikaapa kimoyomoyo kwamba Mjomba akirudi Jumapili atamkuta Bosi anakuja akiitwa, na anakaa.

Nikamwamuru kwa Kiswahili. Akafumba jicho moja. Nikamwamuru kwa Kiingereza, kwa kunong'ona, majirani wasisikie. Akafumba la pili. Nikachukua ukoko wa mchana nimhonge, bakuli sina. Sufuria lilikuwa pale limeanikwa. Bi Kazija kalileta jana kwa ajili ya maulidi ya Bibi Jumamosi, naye kaenda Pangani hadi Ijumaa. Nikatia ukoko, nikaligonga kwa upawa. Kang!

Bosi akaja. Akakaa. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunitii. Nilifurahi dakika nzima.

Kisha nikayaona mate. Watu sitini watakula pilau humo.

Jumatano, 10 Septemba

Chombo kikilambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maalim Idarusi alitufundisha madrasa, na mimi nilikuwa nasikiliza, sikujua tu kwamba ananiambia mimi.

Udongo nimechimba kwenye mwasmini wa Mama. Nikahesabu moja, mbili, tatu, halafu woga ukaniingiza kwenye Kiingereza kama kwenye mtihani wa hesabu, na katikati ya lugha mbili sijui niliacha ngapi. Nikaanza upya. Mara ya tano sufuria likagonga jiwe. Kang! Bosi huyo, na mnyororo wake nyuma. Akakaa vizuri kabisa. Akalamba.

Nikarudi kwenye udongo.

Mama kaniona nasugua, akamwambia Bibi nimekuwa mtu mzima. Bibi akaniombea dua ndefu. Maulidi ni nadhiri yake, aliiweka alipokuwa amelazwa na hatukujua kama atarudi. Kila alipotaja heri nilizidi kusugua. Kama nadhiri yake itaingia najisi, nimeitia mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Hila ya kwanza. Nikamwambia Mama sufuria kama linavuja, tuazime jingine. Mama kalijaza maji, kasubiri saa nzima. Hata tone. Hilal akasema kinachovuja ni kichwa changu.

Hila ya pili. Bosi asahau. Nitagonga bila kumpa kitu, atachoka. Nimegonga mara arobaini. Kaja mara arobaini, kila mara ana matumaini zaidi. Mara ya mwisho nililifunika chini juu asifikie ndani. Akalilamba kitako.

Udongo tena. Vidole vimechubuka. Mama anauliza shimo gani lile kwenye mwasmini, au kuku wanachimba. Nikasema labda. Sasa nimesingizia na kuku.

Ijumaa, 12 Septemba

Bi Kazija karudi. Nilisikia sauti yake getini, nikaingia chooni, nikajifungia. Wakaniita mpaka nikatoka. Shikamoo yangu sijui kama ilifika. Alikuwa amelishika sufuria, analigeuzageuza.

Akasema miaka thelathini analiazimisha mtaa mzima, halijawahi kurudi linang'aa hivi. Akaniomba nimwoshee na mengine matatu. Nikakubali. Neno la kukataa nililitafuta, sikulipata.

Baada ya laasiri nimeliingiza bafuni, nikaweka gunia chini lisilie. Nimehesabu kwa kokoto saba, kila nikiosha nahamisha moja. Saba. Bosi nimemfunga minyororo miwili.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika haraka.

Maulidi yalisomwa vizuri. Pilau likaiva. Mpishi, Mzee Uweso, akakoroga, akakung'uta upawa ukingoni mwa sufuria. Kang!

Nilijua kabla sijaona. Minyororo miwili, na tawi zima la mlimau. Bosi kapita kando ya mikeka, watu wamenyanyua kanzu. Kafika mbele ya sufuria. Akakaa. Akamtazama Mzee Uweso kama mgeni aliyealikwa kwa kadi.

Hakugusa kitu. Lakini uwanja mzima uligeuka kumtazama. Baba akauliza, taratibu, nani kamfundisha mbwa huyu kuja sufuria likigongwa.

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Ningeweza kunyamaza mpaka Idi. Ila nikamwona Bibi, mikono yake ameiacha mapajani, anatazama pilau lake.

"Mimi, Baba," nikasema. "Alililamba. Nimeliosha mara saba, moja ya udongo, na nimerudia kila alipolamba. Mara ya mwisho nimehesabu kwa kokoto."

Maalim Idarusi akauliza kama baada ya hizo kokoto mbwa kalamba tena. Nikasema hajalamba.

"Basi hilo limetahirika kuliko masufuria yetu sote," akasema. "Pakueni, watoto wana njaa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Bibi akanishika mkono mbele za watu, akaushika muda mrefu. Bi Kazija hakula sahani ya kwanza. Ya pili alikula.

Baba alimtazama Bosi, akanitazama mimi. Akasema sharti ni sharti, ila Mjomba anafika kesho na mwenye nadhiri kamwombea mbwa. Mimi niape kwa sauti kwamba sitampa tena chombo cha watu. Nikaapa. Hilal akasema kumbe naitika.

Jumatatu, 15 Septemba

Mjomba kapiga simu kutoka Wete. Harusi imezaa harusi, atarudi wiki ijayo.

Baba kamnunulia Bosi bakuli la plastiki. Halilii. Nimeligonga asubuhi nzima, Bosi kafumba macho yote mawili. Hilal kapita, kauliza ndugu yangu hajambo.

Nimewaza sana. Niliapa kuhusu chombo. Mfuniko si chombo. Mfuniko ni mfuniko. Wa birika la udhu la Baba ni wa bati, unalia vizuri mno. Nimegonga mara tatu tu. Ya kwanza alikuja. Ya pili alikaa. Ya tatu kaulamba, lakini kidogo, pembeni. Nitauosha mara saba kabla ya magharibi, kokoto ninazo, na shimo la mwasmini kwa bahati halijafukiwa.

Nasikia kandambili za Baba. Ziko ukumbini. Anamuuliza Mama birika lake kalivua kofia nani.

Mfuniko uko chini ya kitanda, bado una mate. Daftari nalo linaingia huko hu—